Zege Bichi

Kabla sijavua glavu, pua imeshanijulisha:
viazi vilivyosahaulika stoo, soksi zilizolowa,
na chini yake utamu fulani,
kama rangi iliyoachwa wazi usiku kucha.
Nje, Haapakoski, ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Hewa ya huko inakata kama wembe, lakini ni safi.
Humu kuna joto la kubembeleza
na kila mtu anakohoa.

Mimi ni mpima unyevu. Kazi yangu ni kutoboa.

Mwalimu Irmeli Kettunen ndiye aliyenifundisha kusoma,
katika chumba hiki hiki, dawati la karibu na bomba la joto.
Wakati ule sauti yake ilitufikia
hadi kwenye uwanja wa barafu, tukajifanya hatusikii.
Leo amenisalimu kwa chaki.
Ameandika: *Karibu. Miezi minane nastaafu.*
Daktari wa manispaa alimpa vidonge vya usingizi.
"Ni mawazo," alimwambia, "wewe mama una mawazo mengi."
Akienda likizo kwa dada yake, nyumba ya magogo,
sauti humrudia siku ya nne, kama paka.
Jumatatu ya shule inatoroka tena.

Na Tuukka, wa darasa la tatu B,
hutokwa damu puani saa nne kasoro robo.
Wenzake hawatazami saa ya ukutani.
"Tuukka ameshavuja," husema, "uji umeiva."

Aliyeichora shule hii alipenda paa bapa,
paa la nchi isiyojua theluji.
Mwaka mafuta yalipopanda bei wakaziba kila upenyo,
wakayafunga madirisha kwa skrubu, wakajipongeza.
Siku hizi feni inazimwa saa kumi jioni
ili bajeti ipumue.
Nyumba nayo ina mapafu;
uikabe, itakukaba.

Napiga magoti. Nachana zulia la plastiki, la kijani,
lile lile nililolihesabia madoa nikiwa na miaka minane.
Gundi imegeuka uji mweusi.
Harufu inanipanda hadi machoni.
Kisanduku changu kinasoma: tisini na tatu kwa mia.
Irmeli anainama kutazama namba,
anaitazama muda mrefu,
kisha anacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika,
na sijui kama ni kicheko.

Halafu kwenye kona, karibu na mlango,
tochi yangu inaangukia mchoro wa samaki
uliochorwa kwa msumari zege lilipokuwa laini.
Samaki mwenye jicho moja kubwa, na herufi O.
Namjua samaki huyo.
Alikuwa kwenye masanduku yetu yote ya chakula,
kwenye mpini wa shoka, kwenye mlango wa sauna.

Osmo, baba yangu, ana miaka themanini na tatu.
Anaishi nyumba ya wazee, ghorofa ya pili.
Nilimkuta akimenya chungwa kwa kisu cha plastiki.
Nikamtajia chumba, nikamtajia kona.
"Tuliomba wiki kumi na mbili," alisema.
"Tukapewa tatu. Mvua kila siku.
Kadi za mwaliko zilikuwa zimeshachapishwa,
na bendi imeshalipwa.
Fundi wa zulia alikuwa ananisubiri nyuma ya mgongo
nikiwa bado nasawazisha."

Alikula vipande viwili vya chungwa.
Maji ya ardhini yalilinywesha lile zege toka chini,
plastiki ikalifunika toka juu, miaka arobaini na saba;
hilo sikumwambia.
Wala habari za Irmeli, wala za Tuukka.

"Lakini baadaye," aliuliza, "lilikauka?"

Nilikwenda dirishani. Kitasa kilikuwa kizito,
ila kilizunguka.
Baridi ikaingia, ikagusa shuka, maganda, mikono yake.

"Bado, baba," nilisema.

Akavuta pumzi ndefu. Hakuniambia nifunge.